Moshi na Bukoba: Kilichowaachanisha Wachaga na Wahaya

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, makabila mawili yalikuwa yameyatangulia mengine na hakuna aliyelibishia hilo. Wachaga wa Kilimanjaro na Wahaya wa Bukoba walikuwa na kahawa, walikuwa na shule za misheni za siku nyingi, walikuwa na vyama vya ushirika vyenye fedha benki, na walikuwa na vijana Makerere. Serikali mpya ilipotafuta makarani, walimu, waganga na mahakimu wa kujaza viti vya Waingereza, majina yaliyofika mezani kwa wingi yalikuwa ya kina Mushi na kina Rweyemamu. Wanyakyusa wa Rungwe walifuata hatua chache nyuma yao. Waliobaki walikuwa mbali.

Leo makabila hayo mawili hayatajwi tena kama mapacha. Katika takwimu za pato la mkoa kwa kila mkazi, Kilimanjaro imo kwenye kundi la mbele. Kagera kwa miaka mingi imekaa mkiani au jirani na mkia, ikisukumana huko na mikoa kama Kigoma na Simiyu. Mkoa uliotoa kardinali wa kwanza Mwafrika, Laurean Rugambwa, mwaka 1960, na askofu Josiah Kibira aliyeongoza shirikisho la Walutheri duniani kuanzia 1977, sasa unatajwa bungeni kila wanapozungumzia umaskini.

Ilikuwaje? Vijiweni jibu liko tayari: Mchaga anapenda hela, Mhaya anapenda sifa. Mmoja alifungua duka, mwingine akabaki kuhesabu vyeti na kusema Kiingereza. Ni utani mzuri, na Watanzania tunaishi kwa utani wa makabila bila kugombana. Lakini utani huo umeingia hadi katika hotuba za wakubwa na makala za magazeti, ukafanywa maelezo ya uchumi. Kwa maoni yangu maelezo hayo hayasimami. Tabia za watu hazibadiliki ghafla katika kizazi kimoja, na mwaka 1961 hakuna aliyesema Wahaya ni wavivu. Kilichobadilika ni mahali walipo: barabara, mpaka, vita, ugonjwa, na njia ya kutoka nyumbani kwenda kutafuta.

Kabla ya kuendelea, tahadhari moja kuhusu hesabu zenyewe. Sensa ya Tanzania haijamuuliza mtu kabila lake tangu mwaka 1967. Kwa hiyo kila anayelinganisha Wachaga na Wahaya kwa takwimu analinganisha mikoa, na mikoa si makabila. Ndani ya Kilimanjaro zimo Same na Mwanga, wilaya za Wapare. Ndani ya Kagera wamo Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, Wahangaza na Washubi wa Ngara, na mchanganyiko mkubwa wa watu Biharamulo. Uhaya wenyewe ni Bukoba mjini na vijijini, Muleba na Missenyi. Ukichukua pato la Kagera nzima ukamtwika Mhaya wa Kamachumu, umemwonea.

Halafu kuna waliohama. Mchaga mwenye duka Kariakoo na nyumba Kibosho anahesabiwa Dar es Salaam, na jasho lake linaingia katika pato la Dar es Salaam, ingawa bati la Kibosho limetoka kwenye duka hilo. Profesa wa Kihaya aliyezeekea Mlimani naye ni wa Dar es Salaam kwenye vitabu. Kwa hiyo takwimu za mkoa zinatuonyesha hali ya waliobaki. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 1,861,934 Kilimanjaro na 2,989,299 Kagera. Makabila haya mwaka 1957 yalikuwa yanalingana kwa idadi, zaidi kidogo ya 300,000 kila moja. Kilimanjaro imeongezeka polepole kwa sababu watu wake wanaondoka na kwa sababu wanazaa wachache. Yote mawili ni dalili za sehemu iliyopata shule na hospitali mapema.

Ufanano wa zamani ulikuwa wa kushangaza. Wote wawili ni watu wa migomba na kahawa, wanaoishi katika mashamba yanayozunguka nyumba: kihamba kwa Mchaga, kibanja kwa Mhaya. Wote waliishi chini ya watawala wa urithi wengi wanaoshindana, mamangi huku na abakama kule. Mapadre Wakatoliki walifungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wenzao wakafungua Kashozi mwaka 1892. Vyama vya wakulima vilizaliwa takriban wakati mmoja: chama cha Wahaya mwaka 1924, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro mwaka 1925, kilichogeuka KNCU mwaka 1933. Mwaka 1937 pande zote mbili ziliwaka moto, na chanzo kilikuwa kahawa. Kilimanjaro walipinga kulazimishwa kuuza kwa KNCU pekee. Bukoba walipinga masharti ya serikali ya namna ya kutunza miti. Hawakupanga pamoja, lakini walifanana kiasi kwamba hasira zao zilipanda mwaka mmoja.

Tofauti ya kwanza imo ardhini kabisa. Udongo wa Kilimanjaro ni wa volkano, na Wachaga waliuongezea mifongo, mifereji inayoteremsha maji ya mlima hadi mashambani. Udongo wa Bukoba kwa sehemu kubwa umetokana na mawe ya mchanga, na mvua ya kando ya ziwa, ambayo kuna maeneo inapita milimita 2,000 kwa mwaka, inauosha rutuba bila kupumzika. Kibanja cheusi chenye migomba mizito unachokiona Kanyigo au Ihangiro kimetengenezwa na watu. Vizazi kwa vizazi vilimwaga humo samadi, majivu, maganda ya ndizi na nyasi zilizokatwa kwenye rweya, ile nyika ya wazi iliyo kati ya vijiji. Ng'ombe ndiye aliyekuwa kiungo: alikula rweya mchana, akalala kibanjani usiku, akaiacha rutuba pale.

Sasa, sotoka ya miaka ya 1890 iliwamaliza ng'ombe wa ukanda ule, na mifugo haikurudi tena kwa kiasi cha kutosha. Watu wakaongezeka, vibanja vikagawanywa, nyasi zikawa hazitoshi. Kibanja kisicholishwa hufa taratibu: fukusi wanaingia kwenye mashina, minyoo inakula mizizi, mikungu inapungua uzito mwaka hadi mwaka. Mwaka 2006 ukaja mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliovuka kutoka Uganda, na dawa yake hakuna isipokuwa kung'oa na kuchoma. Kwa watu ambao kwao ndizi ndiyo chakula chenyewe, na kula kitu kingine ni kulala njaa hata kama tumbo limejaa, hilo lilikuwa pigo. Mchaga naye anapenda mtori na kiburu vya ndizi, lakini mahindi ya tambarare aliyazoea mapema.

Kahawa yao pia haikuwa moja. Bukoba ilikuwa na robusta tangu kabla ya Mzungu. Wahaya waliipika, wakaikausha na kuitafuna, na walikula buni hizo katika kuchanjiana udugu. Kilimanjaro walipata arabika kutoka kwa wamisionari. Kwa karibu miongo yote ya soko la dunia, robusta imeuzwa chini ya arabika, mara nyingi chini sana. Wakulima wawili wanaweza kuvuna uzito ule ule, wakaamka mapema kwa juhudi ile ile, na mmoja akarudi na nusu ya fedha ya mwenzake. Hakuna semina ya kuhamasisha uchapakazi inayoweza kuziba pengo hilo. Isitoshe, taasisi za kahawa ziliwekwa kwa mwenye arabika: kituo cha utafiti kilianzishwa Lyamungo mwaka 1934, na mnada pamoja na bodi ya kahawa vikakaa Moshi mjini. Mtoto wa Machame aliweza kuwa mwonjaji wa kahawa, karani wa mnada, dereva wa kiwanda cha kukoboa, fundi wa mashine. Bukoba ilipata kiwanda cha kahawa ya unga cha Tanica, ambacho kipo hadi leo, lakini kiwanda kimoja hakizai mji kama mnada unavyouzaa.

Na reli. Garimoshi kutoka Tanga lilifika Moshi mwaka 1911. Bukoba haijapata reli mpaka leo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kutoka Bukoba kwenda Mwanza unavuka ziwa. Kabla ya hapo mizigo ya Bukoba ilikwenda Kisumu kwa meli, kisha Mombasa kwa garimoshi. Kwa barabara, Moshi iko kama kilomita 560 kutoka Dar es Salaam. Bukoba ni kama 1,400, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa vumbi au tope. Watu wakategemea meli. Tarehe 21 Mei 1996, Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu, wengi wao wafanyabiashara wadogo, wanafunzi na familia zilizokuwa safarini. Hata umeme: kwa miaka mingi Bukoba iliwashiwa taa na Uganda, maana gridi ya taifa haikufika huko.

Jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka ni urithi wa ardhi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kwa desturi ya Wachaga, kitinda mimba hubaki katika kihamba cha baba, na mtoto wa kwanza hutafutiwa ardhi yake. Wa katikati? Wa katikati hujitegemea. Ardhi ilipokuwa tele, baba alimwombea mwanawe kipande kwa mangi. Kufikia miaka ya 1940 mlima ulikuwa umejaa, na juu yake kuna msitu wa hifadhi, chini kuna mashamba ya walowezi na tambarare kavu. Kwa hiyo kila nyumba ya Kichaga ilizalisha vijana waliojua tangu wakiwa wadogo kwamba kwao si kwao pa kuishi. Walitoka: Arusha, Tanga, Nairobi, Dar es Salaam, baadaye kila penye stendi ya basi. Walikuwa na elimu kidogo, fedha kidogo ya kahawa ya baba, na mjomba au binamu aliyetangulia wa kuwapokea. Aliyetangulia alimpa anayefuata kaunta ya duka, baada ya miaka michache akamsaidia kufungua lake. Ndiyo maana leo katika mitaa ya Dar es Salaam mwenye duka huitwa Mangi hata kama ametoka Singida.

Kutoka peke yake hakutoshi. La pili ni kurudi. Moshi iko safari ya siku moja kutoka Dar es Salaam, na ya saa chache kutoka Arusha na Nairobi. Kila Desemba mabasi hujaa, nauli hupanda, na Wachaga hurudi kuchinja, kunywa mbege, kubatiza watoto, na kufanya vikao. Watu wa nje huona karamu. Kiuchumi ni mkutano mkuu wa mwaka: hapo ndipo inapoamuliwa nani atalipiwa ada, nani anapewa mtaji, paa la kanisa litatoka wapi, barabara ya kijiji itachangiwa vipi. Na kwa kuwa kila mmoja atazikwa kihambani, kila mmoja ana sababu ya kujenga pale. Fedha ya mjini ikawa na njia ya kupanda mlima kila mwaka bila serikali kuhusika.

Wahaya nao walikuwa na njia yao ya kutokea, na ilielekea kaskazini. Kwa nchi kavu, Kampala ilikuwa karibu kuliko mji wowote mkubwa wa Tanganyika. Kiluganda na Kihaya ni ndugu, koo zina jamaa pande zote mbili, falme za Kiziba na Karagwe zilijuana na Buganda na Bunyoro karne nyingi kabla ya mkoloni. Vijana walikwenda kufanya kazi, kusoma, kuuza samaki na kahawa. Wanawake pia walikwenda, na hapa kuna habari inayosimuliwa kwa kejeli ilhali inastahili heshima. Mwanamke wa Kihaya aliyeachika hakuwa na haki ya ardhi ya ukoo wake wala ya mumewe. Wengi walikwenda Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, baadhi wakaishi kwa kuuza miili yao, na wakarudi na fedha wakanunua vibanja kwa majina yao wenyewe. Katika jamii iliyowanyima ardhi, waliipata kwa mlango waliouona. Mahakama Kuu mjini Mwanza ilichelewa kuwafikia: mwaka 1990 ndipo Jaji Mwalusanya alipoamua kwamba sheria ya kimila ya Kihaya inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo inapingana na Katiba.

Uhaya ulikuwa pia na mzigo mwingine ambao Kilimanjaro haikuubeba kwa uzito huo: nyarubanja. Sehemu ya vibanja bora ilikuwa chini ya mabwana, na waliolima humo walitoa sehemu ya mazao na utumishi. Nani angepanda miti mipya ya kahawa kwenye shamba ambalo bwana anaweza kulidai? Mfumo ulifutwa kwa sheria mwaka 1965, baada ya miongo ya kesi zilizokula muda na fedha za watu werevu wa Bukoba. Wahaya wakawa hodari wa sheria. Mafunzo waliyapatia mashambani kwao.

Kisha mlango wa kaskazini ukafungwa. Idi Amin alichukua madaraka mwaka 1971, na uhusiano wa nchi hizi mbili ukaharibika. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Tanzania, yakashika eneo la kama kilomita za mraba 1,800 kati ya mpaka na mto Kagera, na siku chache baadaye yakalivunja daraja la Kyaka. Watu walikimbia, waliobaki wengi waliuawa, ng'ombe waliporwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikabomolewa. Kampala ilianguka Aprili 1979, na mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Jina lilibadilika mara moja, mifugo haikurudi mara moja.

Atatokea msomaji wa Rombo aseme: hata sisi mpaka wetu na Kenya ulifungwa, kuanzia 1977 hadi 1983. Ni kweli, na uliumiza. Lakini Mchaga aliyefungiwa Taveta aligeuza gari akaelekea Dar es Salaam kwa lami. Mhaya aliyefungiwa Mutukula, mpakani na Uganda, aligeuka akakutana na ziwa.

Wakati Bukoba inajaribu kuinuka kutoka vitani, mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa hospitali ya Ndolage, Muleba. Mwanzoni watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za kifahari zilizovuka mpaka kwa magendo. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Dawa za kufubaza hazikuwapo wakati huo, na zilichelewa kufika kwa karibu miaka 20. Ugonjwa ulichagua wenye umri wa kuzalisha, na kati ya hao uliwatangulia wenye kusafiri, wenye biashara, wenye mishahara. Hao ndio waliokuwa watume fedha nyumbani. Hao ndio waliokuwa wapokee wadogo zao mjini. Vibanja vikabaki na mabibi na mababu na wajukuu, samadi haikubebwa, kahawa haikupogolewa, na ng'ombe mmoja mmoja akauzwa kwa ajili ya matibabu na misiba. Kilimanjaro nayo ilizika watu wengi. Lakini haikuwa imetoka vitani, na ilikuwa na hospitali ya rufaa ya KCMC tangu 1971.

Ukijumlisha vita na ugonjwa, Bukoba ilipoteza kizazi katika miaka ile ile ambayo Wachaga walijifunza kuishi katika uchumi mpya. Miaka ya 1980 ndiyo iliyoamua mengi. Serikali ilikuwa imevunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha miaka ya 1980 vikiwa dhaifu. Mgawo wa nafasi za sekondari kwa mikoa uliwabana waliotangulia, Wachaga na Wahaya kwa pamoja. Ni sera iliyokuwa na haki yake: nchi haiwezi kuendeshwa na wilaya nne. Wazazi wa Kilimanjaro walijibu kwa kujenga shule za sekondari za binafsi, kata kwa kata, kwa michango ya kahawa na ya watoto wao waliokuwa mjini. Kagera nao walijenga, makanisa yakisaidia, lakini mchangaji mmoja alikuwa na mayatima sita nyumbani.

Katika miaka hiyo hiyo mshahara wa serikali ulikufa. Mhaya msomi alikuwa ameweka karata zake zote kwenye kazi ya kuajiriwa: chuo kikuu, mahakama, wizara, kanisa. Kwa mtu wa miaka ya 1970 huo ulikuwa uamuzi wa busara kabisa, maana uchumi wa Azimio la Arusha ulimfunga mikono mwenye duka. Uchumi ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mhadhiri alijikuta anafuga kuku ili ale, na mwenye duka la vipuri akajenga ghorofa. Wachaga wengi walikuwa waajiriwa pia, na waliumia vilevile; tofauti ni kwamba karibu kila ukoo ulikuwa na mtu mmoja kwenye biashara. Reginald Mengi, aliyezaliwa Machame, alianza kama mhasibu kabla ya kuwa tajiri wa viwanda na vyombo vya habari. Kagera ilimtoa Anna Tibaijuka, aliyeongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kuanzia 2000 hadi 2010, na Rwekaza Mukandala aliyekuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni mafanikio makubwa, lakini kiti cha profesa hakimwajiri binamu.

Ushahidi bora dhidi ya hoja ya tabia umetoka Kagera yenyewe. Mwaka 1991 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kufuatilia zaidi ya kaya 900 za mkoa huo, na mwaka 2004 wakawasaka watu wale wale popote walipohamia. Ikabainika kwamba waliohama waliongeza matumizi yao kuliko ndugu zao waliobaki, tofauti ikiwa pointi 36 za asilimia katika muda huo. Zingatia kwamba hawa ni watu wa nyumba moja, baba mmoja, malezi mamoja. Kama uvivu au majivuno ndiyo maradhi ya Mhaya, basi huponywa kwa nauli ya basi. Wachaga walisukumwa nje ya kihamba vizazi viwili kabla, wakati miji bado ina nafasi na ndugu aliyetangulia bado yu hai wa kuwapokea. Hapo ndipo penye faida yao, na sioni nyingine inayoizidi.

Tusiipambe Kilimanjaro kupita kiasi. Mkataba wa kahawa wa kimataifa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka, wakulima wengi wa Machame na Marangu waliitelekeza mibuni au kuing'oa, wakapanda nyanya, mahindi na ndizi za kuuza. KNCU iliyojenga shule ikaingia kwenye madeni. Vihamba vimegawanywa hadi vimebaki uwanja wa nyumba na makaburi. Kuna majumba makubwa ya vioo mlimani ambamo mwaka mzima anakaa mlinzi na bibi mmoja, na kuna vijiji vya Rombo ambako vijana waliobaki wanamalizwa na pombe kali. Ukabila wa mafanikio nao una kodi yake: Mchaga hashukiwi kwa umaskini, anashukiwa kwa kutaka kila kitu, na hakuna Mchaga aliyewahi kuwa Rais wa nchi hii. Wala Mhaya. Makabila mawili yaliyosoma kabla ya wote hayajakikalia kiti hicho, na pengine nchi imetulia kwa sababu hiyo.

Wakati huohuo mizani ya kahawa imegeuka. Kagera sasa ndiyo inayozalisha kahawa nyingi, na Kilimanjaro imeachwa mbali. Mwaka 2024 bei ya robusta duniani ilipanda hadi kiwango ambacho hakijaonekana kwa miongo kadhaa. Mkulima wa Bukoba alipaswa kuneemeka, na wapo walioneemeka. Wengine walikuwa wameshauza kahawa ikiwa bado maua, kwa butura, kwa mkopeshaji aliyewapa fedha ya ada au ya msiba kwa bei ya kutupa. Butura inapigwa marufuku kila msimu, na kila msimu inarudi, kwa kuwa aliyeipiga marufuku hatoi mkopo Februari, wakati mzazi anadaiwa ada.

Na wengine huipeleka kahawa Uganda usiku, kwa boti au pikipiki, kwa sababu huko mara nyingi bei ni bora na malipo ni taslimu. Tunaita magendo, tunakamata, tunataifisha magunia, kisha tunashangaa kwa nini mkoa ni maskini. Babu wa huyo anayekamatwa aliuza huko huko mchana, akarudi na bati na vitabu.

Kwa hiyo anayetaka kuisaidia Kagera aache mahubiri ya tabia. Kuna mambo matatu yanayowezekana: mikopo ya msimu ya kuua butura, samadi na migomba safi kwa vibanja vilivyochoka, na Mutukula kuwa soko la halali la kahawa badala ya mtego wa wakulima. La tatu ndilo rahisi zaidi na ndilo linaloogopwa zaidi. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, na Tanzania na Uganda zote ziliisaini. Mkulima wa Missenyi anayeuza kahawa yake kilomita chache kaskazini ya nyumbani kwake atozwe ushuru, apewe risiti, aachwe aende zake.